Trauti wahesabiwe kabla ya tingatinga kufika mtoni

MFUGAJI wa samaki ambaye shamba lake liko chini ya mahali panapojengwa barabara, hoteli au bwawa ana tatizo ambalo mkulima wa mahindi hana. Tingatinga likipita katikati ya mahindi, mabua yaliyolala yanaonekana na mthamini wa fidia anaweza kuyahesabu. Maji ya tope yakiingia kwenye vidimbwi vya trauti usiku, kufikia adhuhuri mto umeshasafika, tope limeteremka kwa jirani wa chini, na kinachobaki ni vifaranga waliokufa na mzozo. Mwenye mradi atasema ni mvua. Mfugaji atasema ni tingatinga. Afisa atakayekuja kusuluhisha, kama atakuja, atauliza: kabla ya ujenzi kuanza, hapa kulikuwa na nini?

Mara nyingi hakuna anayeweza kumjibu. Mfugaji anakumbuka kwamba maji yalikuwa safi na samaki walikuwa wengi, lakini kumbukumbu haina tarehe wala kipimo. Mwenye mradi ana ripoti nene iliyoandikwa na mtaalamu aliyemlipa mwenyewe. Kati ya hao wawili, ni rahisi kujua nani atasikizwa.

Msimamo wetu ni kwamba katika mito yote ya trauti inayoteremka kutoka Mlima Kenya na Aberdare, mradi wowote wa ujenzi unaogusa mto usipewe leseni hadi samaki wa mto huo wahesabiwe, juu na chini ya mahali pa ujenzi. Hesabu iendelee wakati wa kazi na baada yake. Na daftari la hesabu hiyo lisikae katika kabati la mwenye mradi peke yake.

Wako watakaouliza kwa nini tuhangaikie samaki ambaye hata si mwenyeji. Ni kweli, trauti ni mgeni. Mwaka 1905 mlowezi Ewart Grogan alileta trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, Uskoti, akawatia katika mto Gura huko Aberdare. Trauti wa upinde wa mvua walifuata baadaye, na mwaka 1948 serikali ya kikoloni ikaanzisha kituo cha kuzalisha vifaranga pale Kiganjo, karibu na Nyeri. Wanasayansi wa mazingira wamewaweka trauti wa aina zote mbili katika orodha ya viumbe 100 wavamizi wabaya zaidi duniani, kwa sababu huwala samaki na wadudu wa asili wa mito wanakotiwa. Hatuwatetei kama watakatifu.

Lakini mgeni huyu amekaa zaidi ya miaka mia moja na amekuwa riziki. Karibu na Kiganjo, Naro Moru na Timau kuna watu wanaolipa karo kwa trauti. Wako wanaofuga, wanaokausha kwa moshi, wanaobeba samaki kwa barafu hadi hoteli za Nairobi, na vijana wanaowaongoza watalii wavuvi mtoni. Soko la trauti ni dogo kuliko la tilapia, na wanunuzi wake ni wagumu. Hoteli inataka samaki wa ukubwa mmoja, kila wiki, mwaka mzima. Ukikosa kundi moja la vifaranga leo, pengo halionekani leo. Linaonekana karibu mwaka mmoja baadaye, wakati ambapo samaki hao wangekuwa wamefikia uzito wa sahani, na mpishi wa hoteli atakuwa ameshaagiza minofu ya kutoka ng'ambo. Mteja wa namna hiyo harudi kwa kuombwa radhi.

Kuna sababu nyingine, na kwetu ndiyo kubwa. Trauti ni shahidi. Samaki huyu hustawi katika maji ya nyuzi 10 hadi 18 za Selsiasi, hutaka hewa nyingi ndani ya maji, na hutafuta chakula kwa macho. Kambare atavumilia dimbwi la matope, trauti hawezi. Mto unapoanza kuharibika, yeye hutoweka kabla ng'ombe hajakataa kunywa na kabla mama mwenye bustani ya kabichi hajaona tofauti yoyote. Anayemhesabu trauti kila mwaka anapata habari za maji yake mapema, na maji hayo ndiyo yanayonyunyiziwa viazi, kunyweshwa mifugo na kupikiwa chai.

Ujenzi huwadhuru kwa njia ambazo hazitoi kelele. Jike la trauti huchimba shimo katika kokoto za mtoni kwa kupiga mkia, hutaga humo na kulifunika. Mayai hayo huishi kwa maji yanayopenya kati ya kokoto. Katika maji ya nyuzi 10, mayai ya trauti wa upinde wa mvua huchukua takriban mwezi mmoja kuanguliwa, na vitoto hukaa chini ya kokoto siku nyingi zaidi vikiishi kwa kiini cha yai. Udongo mwembamba kutoka kwenye kilima kilichokwanguliwa ukizijaza nafasi kati ya kokoto, kizazi kizima hukosa hewa na kufa bila mzoga mmoja kuelea. Samaki wakubwa wataendelea kuonekana. Mpita njia atachungulia darajani, aone trauti watatu wanene, aseme mto ni mzima. Ni kama kijiji kilichobaki na wazee tu.

Saruji nayo ni sumu ya haraka. Maji yaliyooshea mtambo wa kuchanganya zege yana ukali wa magadi unaochoma mashavu ya samaki, na pipa chache zikimwagwa kwenye kijito kidogo zinatosha kuua samaki wengi kwa saa chache. Miti ya ukingoni ikikatwa ili mitambo ipite, jua linapiga maji na joto linapanda. Kalvati likiwekwa juu mno, samaki wanaopanda kwenda kutaga wanagonga ukuta.

Kisha kuna madhara yanayoanza baada ya mkandarasi kukunja hema zake. Paa na lami hazinywi maji. Mvua ya alasiri hushuka juu ya lami yenye joto na kuingia mtoni ikiwa ya moto na ya kasi, na wakati wa kiangazi chemchemi hupungua kwa kuwa ardhi haikunyonya kitu. Katika jimbo la Maryland nchini Marekani, ambako miji imekuwa ikitambaa kuelekea vijito vya milimani kwa miongo mingi, watafiti walilinganisha hesabu za samaki wa huko wa jamii ya trauti na kiasi cha ardhi iliyofunikwa kwa paa na lami. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2008, yalionyesha kwamba ardhi iliyofunikwa ikizidi asilimia 4 hivi ya bonde lote, samaki hao karibu hawapatikani tena. Asilimia nne! Hiyo ni robo ekari kidogo chini katika kila ekari sita. Wamarekani walijua hayo kwa kuwa walikuwa na madaftari ya hesabu ya vijito vingi, vilivyoharibika na vizima. Sisi tunajenga kando ya mito yetu bila madaftari.

Tazama mzozo wa handaki la maji la Murang'a. Handaki hilo lenye urefu wa kilomita 11.8 linateka maji ya mito Maragua, Gikigie na Irati kwenye ukingo wa msitu wa Aberdare na kuyapeleka katika bwawa la Ndakaini ambalo hutegemewa na Nairobi. Mwaka 2016 wanasiasa walizozana hadharani. Upande mmoja ulisema Murang'a na nchi za chini zitageuka jangwa. Upande wa pili ukashikilia kwamba yatachukuliwa maji ya mafuriko pekee na kila mto utaachiwa kiwango chake cha lazima. Handaki lilizinduliwa mwaka 2022. Katika kelele zile zote, takwimu iliyotajwa zaidi ilikuwa lita milioni 140 kwa siku za kupelekwa mjini. Hatukumbuki kumsikia mwanasiasa yeyote akitaja samaki.

Hatusemi handaki limeua mto, wala hatusemi halijaua. Tunachosema ni kwamba ahadi ya kuacha kiwango cha lazima inaweza kupimwa, na samaki anayeishi mtoni usiku na mchana, hasa katika wiki kavu za Februari, ni kipimo ambacho hakidanganyiki. Mita ya maji inaweza kuharibika Jumamosi na kutengenezwa Jumatatu. Trauti mchanga aliyekauka juu ya jiwe siku ya Jumapili hatahesabiwa mwaka ujao. Kama wakazi wa Maragua ya juu wangekuwa na hesabu ya kila mwaka tangu kabla ya 2015, leo wangezungumza na Nairobi kwa tarakimu, si kwa hofu.

Watu huogopa neno utafiti wakidhani ni jambo la maprofesa pekee. Kuhesabu samaki wa kijito si kazi ya ajabu. Wataalamu huchagua kipande cha mto, tuseme mita 100, na kukizuia kwa nyavu juu na chini. Hupitisha umeme hafifu majini unaowalegeza samaki kwa muda, wakawachota, wakawapima urefu na uzito na kuwaweka kwenye ndoo. Kisha hupita mara ya pili. (Tahadhari: hii ni kazi ya wenye kibali na vifaa maalumu. Anayetumbukiza waya wa stima mtoni anavunja sheria na anaweza kufa.) Kutokana na misafara hiyo miwili hukadiriwa idadi yote, pamoja na wale ambao hawakuonekana. Chukua idadi ya msafara wa kwanza, izidishe kwa yenyewe, kisha igawe kwa tofauti kati ya msafara wa kwanza na wa pili. Ukipata samaki 60 kisha 20, basi 60 mara 60 ni 3,600, ukigawa kwa 40 unapata 90. Kipande hicho kina samaki 90 hivi.

Sasa tuseme hesabu hiyo imefanywa kabla ya ujenzi, ikapatikana 90 juu ya mahali pa kazi na 88 chini yake. Mwaka unaofuata, tingatinga zikiwa kazini, juu wako 80 na chini wako 31. Mkandarasi akija na hadithi ya mvua, tunamjibu kwa kalamu. Mvua, kiangazi na wezi wa samaki viliupata mto wote, na juu viliondoa samaki 10 kati ya 90. Kwa kiwango hicho chini wangebaki 78. Wapo 31. Samaki 47 hawakuchukuliwa na mvua. Hapo ndipo mazungumzo ya fidia yanapoanza kuwa mazungumzo.

Sehemu ya juu ndiyo inayosahauliwa sana. Ripoti nyingi hueleza mto mahali pa mradi tu, tena kwa ziara moja, mara nyingi wakati wa kiangazi ambapo gari la mtaalamu halikwami. Hesabu ya siku moja haitoshi. Mto wa Aprili si mto wa Septemba. Mwaka mmoja kamili kabla ya ujenzi ndio uwe mwanzo, na samaki wachanga waandikwe kando na wakubwa ili tujue kama mto bado unazaa.

Itasemwa kwamba tunachelewesha maendeleo. Bwawa au handaki huchukua miaka kuchorwa, kutafutiwa mkopo na kutangaziwa zabuni. Kikosi cha watu wachache huhitaji siku moja au mbili kwa kila kipande cha mto. Anayesema muda hautoshi hakuwa na nia.

Gharama ni swali halali, na hapa lazima tutofautishe. Serikali au kampuni inayochimba handaki inaweza kulipia hesabu kamili bila kuhisi. Mfanyabiashara anayejenga nyumba ya wageni yenye vyumba kumi kando ya kijito hawezi, na hatutaki sheria itakayomfukuza mdogo na kumwacha mkubwa. Kwake yeye vipimo vya bei nafuu vinatosha: kipimajoto cha maji, chupa nyeupe ya kutazamia tope, picha zenye tarehe, na hesabu ya wadudu wanaoishi chini ya mawe, ambao ndio chakula cha trauti na hupungua mapema maji yanapochafuka. Kazi hiyo vijana wa chama cha watumiaji maji wanaweza kuifanya baada ya kufundishwa kwa siku chache.

Kinachotusumbua zaidi ya gharama ni mkono unaolipa. Kwa utaratibu uliopo, mwenye mradi humtafuta mtaalamu, humlipa, kisha mtaalamu huyo huandika iwapo mradi wa tajiri wake utaleta madhara. Wapo wataalamu waaminifu, nasi tunawajua. Lakini mwanauchumi yeyote atakwambia kwamba mtu hawezi kwa muda mrefu kuuza habari ambazo mnunuzi hazitaki. Mwenye mradi na alipe, ndiyo, lakini fedha ziwekwe kwa mamlaka inayotoa leseni, na mamlaka imchague mhesabuji. Nakala ya daftari ikae kwa afisa wa uvuvi wa kaunti, nyingine kwa chama cha watumiaji maji, na muhtasari wake ubandikwe pale ambapo watu husoma matangazo, kwa chifu na sokoni.

Sheria haiko mbali na haya. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 inadai tathmini ya athari kabla ya mradi na ukaguzi baada ya kuanza. Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 ziliweka kikomo cha miligramu 30 za tope katika kila lita ya maji machafu yanayoelekezwa mtoni. Katiba ya 2010, kifungu cha 70, inamruhusu mtu kwenda mahakamani kutetea mazingira safi bila kulazimika kuonyesha kwamba kuna aliyepata hasara. Lakini anayetaka kulipwa vifaranga wake ni lazima aonyeshe hasara, na hasara haionyeshwi bila kianzio.

Wafugaji nao waanze kwao. Anayesema amepoteza vifaranga 4,000 na hana daftari la waliowekwa, waliokufa na chakula walicholishwa kila siku, anaomba huruma, hadai haki. Trauti asiyetiliwa hewa ya ziada huhitaji takriban lita moja ya maji kwa dakika kwa kila kilo ya samaki, kwa hivyo kila mfugaji ana sababu ya kupima maji yanayoingia kwake kwa ndoo na saa, kila wiki, hata kama hakuna anayejenga. Kipimo kilichoandikwa miaka miwili kabla ya mradi kutangazwa kina uzito kuliko ushahidi wa mashahidi kumi walioitwa baadaye.

Na tuwe wakweli. Hesabu ya juu ya mradi itatukamata na sisi wakulima. Wengi wetu tumelima viazi hadi ukingoni, tumepanda mikaratusi palipokuwa na chemchemi, tumeosha pampu za dawa mtoni na kutega mabomba usiku. Ikiwa samaki wamekwisha juu kabla ya kufika kwa mkandarasi, daftari litasema hivyo, na mkandarasi atakuwa na haki ya kulisoma kwa sauti. Wapo wakulima watakaoipinga hesabu hii kimyakimya kwa sababu hiyo. Sisi tunaikubali pamoja na aibu yake. Mto ukishapimwa kwa ajili ya tingatinga umepimwa kwa ajili ya jembe pia.

Kwa wakati huu ambapo hakuna sharti kama hilo, mkulima asingoje. Mradi mkubwa unapotangazwa magazetini kwa maoni ya umma, ripoti yake huwekwa katika ofisi ambako mtu yeyote anaweza kuisoma. Chama cha watumiaji maji kimtume mtu mmoja anayejua kusoma jedwali. Atafute mahali palipoandikwa samaki wangapi walihesabiwa, mwezi gani, juu na chini ya mahali pa kazi, na nani atawahesabu tena mwaka ujao. Akikuta mistari miwili isemayo tu kwamba mto una samaki, chama kiandike barua ya kupinga, kitie sahihi na kuipeleka NEMA kabla ya muda wa maoni kwisha. Leseni ikitolewa licha ya barua hiyo, kuna siku 60 za kukata rufaa katika Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira, na barua iliyopigwa muhuri wa kupokelewa ndiyo itakayotangulia katika faili.